Mto Utashuka, Nimesema Mimi

Jumatatu, tarehe 8 Januari

Mkutano bironi, ofisini kwetu. Shefu Badibanga ameuliza nani anaweza kuweka programu mpya ya kukisia kama maji ya mto Lualaba yatapanda au yatashuka. Nikainua mkono kabla mwenzangu Kabedi hajafungua kinywa. Yeye amesomea mambo haya Lubumbashi na hachoki kutukumbusha. Sasa abaki na Lubumbashi yake!

Taabu moja. Programu imekuja mbichi, maandishi matupu, na ordinatere, kompyuta yetu, lazima iyapike kwanza ndipo yafanye kazi. Nimebonyeza. Makosa yamemwagika kwenye kioo mpaka macho yakaniuma.

Jioni shangazi Mwanvua akaja. Mpunga wake wote wa mwaka umefika kwa treni, uko katika depo bandarini, unangoja boti. Ameuliza kama auhamishe, maana maji yanapanda. Nimemwambia asubiri, ordinatere itasema. Huyu ndiye aliyenibeba mgongoni porini wakati wa vita. Ananiamini kupita kiasi, masikini.

Jumatano, tarehe 10

Kabedi kasimama nyuma ya kiti changu. Eti katika makosa yale, la kuangalia njo lile la kwanza kabisa, mengine yote yanazaliwa nalo. Eti kuna faili ya hesabu haiko, niiombe kwa Florentin wa Kisangani aliyetutumia programu. Niombe! Ili shefu ajue sijui?

Nina akili zangu. Ordinatere inalia kwamba haioni faili yenye jina fulani? Nimeipa! Nimeunda faili ya jina lile lile, ndani hamna kitu. Ikanyamaza. Halafu ikalalamikia mstari mmoja. Nimeufuta. Ikalalamikia jirani yake. Nimefuta pia. Umeme ukakatika, Kabedi akacheka. Roho mbaya yule!

Alhamisi, tarehe 11

Imeiva! Hakuna kosa hata moja.

Nimeingiza vipimo vya mto. Miaka ya vita haina vipimo. Nani angesimama ukingoni kupima maji huku risasi zinalia? Nimeijazia namba mwenyewe, kwa kukisia. Jibu likatoka: Lualaba itashuka wiki nzima. Shefu kanipa mkono mbele ya watu. Kabedi aliomba aangalie kidogo. Nimezima ordinatere.

Nikakimbia kwa shangazi. Asihamishe hata gunia! Alikuwa amekwisha kuita wabebaji. Akawarudisha.

Jumamosi, tarehe 13

Maji yameingia depo. Yamefika kiunoni.

Nilimkuta shangazi ndani, anavuta magunia pamoja na binti yake Sofia. Nikavuta nao. Mpunga ukilowa unakuwa mzito ajabu. Magunia mengi yamepasuka mikononi mwetu. Shangazi hakunilaumu. Alisema pole mwanangu, ile mashine yenu imekudanganya. Nilitaka kumwambia ukweli. Nikaenda kulia nyuma ya depo, kisha nikarudi kuvuta.

Kabedi naye alikuja, kakunja suruali, akabeba magunia pamoja nasi. Afadhali angenitukana.

Jumatatu, tarehe 15

Shefu anasema kosa ni la vile vipimo vya miaka ya vita. Nimekubali haraka. Nimeilaani vita mbele ya wote, kwa uchungu, mpaka Badibanga akanipigapiga begani.

Kisha akauliza nani ataweka programu ya kukisia mvua. Kabedi alinitazama tu. Mkono wangu huo, juu!

Hii nayo imekuja mbichi. Makosa yamejaa kioo. Safari hii sina haja ya ushauri wa mtu, nimeanza kufuta mistari kutoka chini.

Jioni nikapita kwa shangazi. Mpunga uliookolewa umeanza kunuka. Usipopata jua kesho utaoza, na hana mwingine. Ameuliza auanike wote nje kwa pamoja, au mvua itanyesha.

Nimemwambia aanike wote, mvua hakuna. Ametoka kuazima mikeka kwa majirani.