Kibali cha Kuku Wanaooga

Jumatatu, 3 Machi

Maji yamenifika shingoni. Mama mkwe alikuja kwa wiki mbili tu, goti lake litulie. Huu ni mwezi wa nane. Goti limetulia zamani! Linapanda ngazi za sokoni kunishinda mimi. Lakini kitanda chake bado kiko kwenye chumba ninachotengenezea redio, na redio zangu kumi na moja zimehamia chini ya meza ya chakula. Jana nimekula huku miguu yangu iko juu ya spika.

Asubuhi mke wangu katangaza kwamba seremala anakuja Jumamosi kumjengea mama kabati la ukutani. La ukutani! Kabati la miguu unalibeba na mwenyewe anafuata. La ukutani halihami, na mwenye nguo zake hahami. Nikasema ngoja, nitamjengea mama chumba chake uani, kizuri, chenye bafu. Mke wangu akasema akiona kibali cha ujenzi kabla ya Jumamosi, atamrudisha seremala.

Mbio hadi ofisi ya vibali. Karani wa dirisha la tatu, mtu mkavu, akanitajia: ramani ya mchoraji mwenye leseni, saini ya jirani, ukaguzi, wiki tatu. Wiki tatu! Nikaegemea ukuta nihuzunike. Mbele yangu, tangazo: banda la mifugo lisilozidi mita kumi na mbili za mraba halihitaji ramani ya mchoraji. Linakaguliwa wiki hiyo hiyo.

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mimi ninazo hadi masikioni.

Jumanne, 4 Machi

Nimechora banda la kuku. Mlango, dirisha la vioo, bafu. Karani akaangalia mchoro kwa muda mrefu, akauliza kama kuku wangu wanaoga. Nikasema ni kuku wa kisasa. Hakucheka. Akapiga muhuri: ukaguzi Alhamisi, niwe na saini ya jirani.

Nyumbani mama mkwe akachungulia mchoro, akauliza ni nini. Ningesema nini? Nikasema kuku. Macho yakamng'aa! Kumbe amefuga miaka thelathini. Akampigia simu mdogo wake palepale. Nilijifanya nimefurahi.

Jumatano, 5 Machi

Saini ya jirani. Hapa pana ugumu kidogo. Mwaka juzi niliazima ngazi yake kwa dakika tano. Halafu nikaipaka rangi ya kijani, isifanane na yake.

Nikamwendea na tabasamu. Akasema atasaini, ila kwanza angependa kujua ngazi yake iko wapi. Nikauliza ngazi gani. Akanyoosha kidole juu ya ukuta wa uani, ilipokuwa imeegemea, kijani kabisa. Nikasema aa, hiyo! Akachukua karatasi akaandika kwamba anakubali chochote watakachojenga watu wa nyumba hii, mradi ngazi irudi leo na rangi yake ya zamani.

Nimesugua kwa msasa kuanzia saa nne hadi saa kumi. Mikono imechubuka. Nimerudisha. Mtu wa kinyongo sana yule, kukumbuka ngazi ya mwaka juzi.

Jioni wamefika kuku sita kutoka kwa mdogo wake mama mkwe. Wamelala ndani ya boksi la redio yangu kubwa.

Alhamisi, 6 Machi

Mkaguzi kaja na futi yake. Kapima uani. Akauliza bomba la bafu kwenye mchoro mbona liko juu ya kichwa cha mtu. Nikasema kuku hawa wanapenda kuruka. Akauliza swichi ya taa pembeni mwa mlango ni ya nani. Kabla sijapata uongo, mama mkwe akamwonyesha kuku mmoja mmoja, akamweleza yupi anataga na yupi mvivu. Mkaguzi akalainika. Akasaini!

Nimeshinda! Nimempigia mke wangu simu kazini. Nimecheza peke yangu jikoni. Kisha nikavaa miwani nikasoma kibali chote. Chini kabisa, kwa wino mwekundu: binadamu asilale humu.

Ijumaa, 7 Machi

Dirisha la tatu tena. Mama mkwe kaniomba tufuatane, anyooshe goti. Karani akasema kubadilisha banda kuwa makazi kunahitaji kwanza uthibitisho kwamba kuku wametoka. Nikamwambia banda halijajengwa, kuku ambao hawajaingia watatokaje? Akasema huo ndio utaratibu. Nikaegemea ukuta nihuzunike, palepale pa siku zote.

Mama mkwe akaniomba nisogee kidogo. Nyuma ya mgongo wangu palikuwa na kibao: dirisha la wazee, huduma siku hiyo hiyo. Wiki nzima nimekiegemea!

Akaenda dirishani. Aliomba chumba cha uani, akakiita chumba cha uani. Mchoraji wa ng'ambo ya barabara akachora kwa saa moja. Karatasi ya jirani ilikuwa inakubali chochote. Hati ya kiwanja ilikuwa kwenye mkoba wake. Mke wangu alimpa tangu Jumatatu. Mimi hakunipa. Saa saba mchana tulikuwa na kibali. Karani alimsindikiza hadi mlangoni.

Jumamosi, 8 Machi

Seremala kaja. Nikamwonyesha mke wangu kibali, nikamwambia haya, mrudishe. Akaniambia nisome mstari wa nne. Mkaaji: mume wa binti yangu.

Mimi!

Mama mkwe akaeleza taratibu. Goti lake halipendi kuvuka uwanja wakati wa mvua. Na amekuwa akiniona, mwanawe, nimeinama chini ya meza na redio zangu, akasikia uchungu. Mwanamume anahitaji mahali pake. Nikasema asante mama. Nyundo ya seremala ilikuwa tayari inagonga ukuta wa chumba changu cha zamani.

Basi nimepata chumba. Ukiangalia vizuri, huu ulikuwa mpango wangu tangu mwanzo.

Nimepima pia nafasi itakayobaki kati ya chumba changu na banda la kuku. Mita mbili na nusu! Panatosha kibaraza chenye paa. Kibali cha nini? Nikiulizwa, ni banda la sungura.

Kinachokosekana ni ngazi tu. Nimemwomba jirani, dakika tano. Rangi ya kijani ilibaki nusu kopo.