Kibao cha "Usilime Hivi" na Ujio wa Mama Mkwe Wangu

Shambani, upande wa kushoto wa njia
Jumatano

Kwa Mratibu wa Mafunzo ya Kilimo Hai kwa Wakulima Wadogo

Ndugu Mratibu,

Ziara ya Siku ya Wakulima, Jumamosi hii, itaanzia shambani kwangu, na kundi la kwanza kupitishwa ni la akina mama ambalo mweka hazina wake ni mama mkwe wangu. Hayo yalisemwa jana na bibi shamba wa kituo chako, akiwa njiani na kipaza sauti ambacho hakukihitaji, maana tulikuwa watu watatu. Nilipomuuliza kwa nini wasianzie kwa jirani, alinijibu kwa upole: "Baba, watu lazima wasikitike kwanza ndiyo wapate kufurahi."

Ninakuandikia kuhusu masikitiko hayo.

Naomba nieleweke mapema. Sipingi elimu. Mimi ni sehemu ya elimu, na hilo ndilo tatizo lenyewe.

Kwa faida ya yeyote atakayeisoma barua hii baada yako, nieleze ilivyoanza. Kituo kilitaka mashamba mawili yaliyopakana, yenye udongo mmoja na mvua moja. Moja lifuate mafunzo: mboji, matandazo ya nyasi kavu, dawa ya majani ya mwarobaini. La pili lisifuate, ili wageni waione tofauti kwa macho yao. Siku ya mkutano uliomba wawili wajitolee. Jirani yangu, fundi baiskeli ambaye siku hizi kijiji kizima kinamwita Bwana Mfano, alinyoosha mkono. Nami nikanyoosha. Yeye alikuwa amekaa upande wa kulia wa turubai, mimi upande wa kushoto, penye kivuli. Ukagawa kulia na kushoto. Laiti jua lingekuwa upande wa pili asubuhi ile, barua hii ungeandikiwa na fundi baiskeli.

Nilikuuliza nifanye nini. Ukanipiga begani ukasema, "Wewe endelea tu kama kawaida yako." Nilifurahi, nikidhani ni sifa. Nilikuja kuelewa siku kibao kilipoletwa. Hakuna aliyewahi kuniomba nilime vibaya, Ndugu Mratibu. Niliombwa nilime kama alivyonifundisha baba yangu, na mkaridhika kwamba inatosha.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Kibao. Changu kimeandikwa USILIME HIVI kwa rangi nyekundu, na mshale chini yake. Cha jirani kimeandikwa LIMA HIVI kwa kijani, na pembeni limechorwa ua la alizeti, ingawa hajawahi kupanda alizeti. Sina ugomvi na herufi. Aliyeziandika ana mkono mzuri. Ugomvi wangu ni mshale. Fundi wenu alipochimba shimo alikutana na mwamba, akasogea pembeni kidogo, na tangu siku hiyo mshale hauelekei kwenye mahindi. Unaelekea kwenye mlango wa jiko letu.

Wageni, kwa kuwa wamekuja kujifunza, wanafuata mshale. Mwezi uliopita walimkuta mke wangu anachambua maharage, wakamzunguka nusu duara, wakamtazama. Mmoja wao, mwenye miwani na kofia ya kituo, akauliza, "Na huyu mama naye yumo kwenye majaribio?" Mke wangu hakuinua hata kichwa. "Miaka kumi na tisa, mwanangu," akasema, "na matokeo bado." Walicheka wote. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba na sikucheka.

2. Wageni wanakunywa soda kwa Bwana Mfano na kujisaidia kwangu. Choo chake kimetiwa kufuli ili kibaki safi kwa ajili ya mgeni rasmi. Sina la kunung'unika, ila naomba mchango huo uingizwe kwenye taarifa yenu, kwa kuwa ndiyo samadi pekee niliyowahi kupata kutoka kituoni.

3. Nimekatazwa kuboreka. Semina zenu zinafanyika ng'ambo tu ya njia, kwa kipaza sauti, na masikio yangu hayana milango. Mimi ndiye mtu pekee aliyehudhuria mafunzo yote ya msimu bila kualikwa. Nimesikia habari za mboji hadi ninazitaja usingizini kwa mpangilio: mabua makavu, majani mabichi, samadi, udongo, maji. Mke wangu ni shahidi, na hakupendezwa.

Siku moja nilijikuta ninatandaza nyasi kavu katikati ya maharage. Sikuwa na nia mbaya. Bibi shamba alifika kabla sijamaliza mstari wa pili. "Baba! Unaharibu utafiti wa watu!" Akanisimamia nikaziokota nyasi zote, kama mtoto aliyemwaga mchele. Nikamwambia udongo unakauka. Akasema nivumilie, msimu ni mmoja tu. Nikamwambia hicho ni chakula chetu. Akaniambia, kwa sauti ya kunituliza, kwamba ndiyo maana matokeo yatakuwa ya kweli.

4. Mfereji. Biwi la mboji la Bwana Mfano liko juu ya mwinuko. Mvua kubwa iliponyesha, maji yake meusi yaliteremka, yakavuka njia, na mistari yangu ya kwanza ya mahindi ikaanza kuwa ya kijani. Kituo kikashtuka. Niliagizwa nichimbe mfereji wa kuzuia rutuba isiingie shambani kwangu. Katika maisha yangu nimechimba mifereji ya kuzuia mafuriko, nimejenga ua wa kuzuia mbuzi, nimeweka mitego ya kuzuia panya. Hii ni mara ya kwanza kutoka jasho kuzuia mavuno. Hata hivyo nilichimba, na naomba jambo hilo likumbukwe kwenye hoja inayofuata.

5. Vyeti. Bwana Mfano amepewa cheti, fulana na kofia. Mimi sijapewa hata kalamu. Lakini ukiyaondoa mahindi yangu ya njano, mahindi yake ni mahindi tu kama ya watu wengine. Kijani chake kinaonekana kwa hisani yangu. Isitoshe, shamba zuri linaweza kupumzika. Mvua ikichelewa watu wanalihurumia. Shamba baya linatakiwa liwe baya kila siku, Jumapili ikiwemo, na likionyesha dalili ya nafuu linaletewa bibi shamba.

Kama kushindwa ni kazi, basi kupewe heshima ya kazi. Naomba Cheti cha Kutoshiriki, chenye muhuri. Naomba fulana nyekundu. Naomba pia semina ya siku mbili ya kunikumbusha namna ya kushindwa, kwa sababu bila usimamizi ninajikuta ninafanikiwa. Na ikiwa mtaona ninafaa kupandishwa cheo, niko tayari kuwa mfano mbaya wa kuhamishwa, nikasimamishwa wiki moja moja kwenye vijiji visivyo na mkulima mbaya wa kutosha. Kwenye picha nimeshazoea. Mpiga picha wenu wa mwisho aliniambia, "Hapo hapo, mzee. Inamisha kichwa kidogo. Safi." Tangu hapo ninakiinamisha bila kuambiwa.

6. Ndugu zangu wamenitupa. Nyumba hii ilikuwa na baraka ya wageni kila maharage yalipovunwa. Shangazi alikuja na mabinti zake na magunia. Binamu yangu alikuja na mkokoteni, kunijulia hali tu. Kaka yangu mkubwa alikuwa akinusa mavuno kabla sijayaanika. Msimu huu kaka alifika hadi kwenye kibao, akakisoma, akalikunja gunia lake akalitia kwapani, akapinda kulia kwa Bwana Mfano, ambaye ghafla alikumbuka kwamba waliwahi kucheza naye mpira utotoni. Mdogo wangu alipiga simu. "Kaka, tumesikia. Jikaze." Akakata. Tumekaa na maharage yetu machache kama watu waliofiwa, ila hata kwenye matanga hakuja mtu.

Haya yote ningeyavumilia. Nimekuwa nikiyavumilia. Lakini Jumamosi anakuja mama mkwe.

Huyu mama, siku nilipopeleka posa, hakuniuliza nimesoma hadi wapi wala baba yangu ana nini. Aliishika mikono yangu, akaigeuza viganja juu, akavitazama, akamwambia binti yake, "Huyu ana mikono ya shamba. Nenda naye." Neno hilo moja ndilo lililoniweka mjini, kama wasemavyo, ingawa niliko ni shambani. Anaishi mbali na haji mara kwa mara. Akipiga simu huulizia mahindi kwanza, wajukuu baadaye. Habari ya kibao hajaambiwa. Kila akiuliza tunamwambia kwamba shamba linatembelewa sana na wataalamu, jambo ambalo ni kweli.

Jumamosi atashuka na wenzake, atafuata mshale, na mshale utamfikisha kwenye mlango wa jiko la binti yake. Mke wangu ameliweka jambo hili mbele yangu bila kupandisha sauti, na kwetu hiyo ndiyo hali ya hatari. "Mama akikisoma kile kibao," amesema, "mimi nitaondoka naye nikamweleze njiani. Na unajua njia ya kwa mama ni ndefu." Nguo za safari ziko kwenye kamba tangu jana. Ninaziona ninapoandika. Na zinakauka haraka, maana upande wangu hauna kivuli tena.

Kwa hiyo ninaomba mojawapo ya haya. Kibao king'olewe kabla ya Jumamosi. Au kigeuzwe, kisomwe na mahindi yenyewe. Au kifunikwe na turubai na wageni waambiwe kinapakwa rangi. Au mimi na Bwana Mfano tubadilishane vibao kwa siku moja. Hilo la mwisho nilimwomba mwenyewe jana jioni. Alikataa. "Ndugu yangu," akasema, "mimi nimeshazoea kupigiwa makofi." Simlaumu. Mama mkwe wake alishatangulia mbele ya haki, kwa hiyo hajui anachokikataa.

Nikikosa yote, nitalazimika kufanya jambo ambalo kituo hakitalisahau: usiku wa kuamkia Jumamosi nitatandaza nyasi shamba zima.

Nisalimie bibi shamba na kipaza sauti chake, fundi aliyeukimbia mwamba, mpishi wenu wa semina ambaye harufu ya sufuria zake haihitaji mwaliko, mpiga picha, na mgeni rasmi, yeyote mtakayempata. Yule mwenye miwani na kofia mwambieni kwamba mke wangu bado hajatoa matokeo.

Wako mtiifu, hata nilipoagizwa kuzuia rutuba,

Mkulima wa upande wa kushoto

Tanbihi, Alhamisi asubuhi. Barua hii ilikuwa tayari ndani ya bahasha nilipoitwa kutoka ng'ambo ya njia. Alikuwa Bwana Mfano, ana macho mekundu kama mtu aliyelala kwenye kiti, na kumbe ndiko alikolala. Kitandani kwake yuko shangazi yangu na mabinti zake. Kaka yangu mkubwa yuko sebuleni, anasubiri kuagwa vizuri. Mkokoteni wa binamu uko uani, umejaa, na gunia la juu kabisa lilikuwa la mbegu. Ndugu zake mwenyewe walishapita wiki iliyotangulia. Amekubali tubadilishane vibao, tena si kwa siku moja, kwa msimu mzima, na ataongeza fulana na kofia.

Nikamwambia asubiri. Mimi na mke wangu tukaenda kufungua ghala. Tulivuna nusu ya maharage aliyovuna yeye, na yote yamo ndani. Mke wangu aliyahesabu yale magunia moja moja, kisha akachukua simu, akampigia mama yake na kumsomea kibao neno kwa neno, na mshale akamweleza. Mimi nilibaki mlangoni, sina pa kuiweka mikono.

 Mama mkwe akauliza mambo mawili: ile rangi inastahimili mvua, na je, kituo kinacho kibao kingine, maana wanawe wote wamemwarifu kwamba wanakuja kumjulia hali akivuna. "Na mwambie mkwe wangu," akasema, "mikono yake niliiona siku ile. Hii akili alikuwa ameificha wapi?"

Nguo zimetolewa kwenye kamba zikarudishwa kabatini.

Kwa hiyo yote niliyoandika hapo juu yachukuliwe kuwa hayakuandikwa, isipokuwa salamu. Kibao changu kisiguswe, na mshale msiurekebishe. Bwana Mfano nimemwambia kibao ni mali ya kituo, hakiazimwi. Jumamosi njooni na cha pili, chenye nguzo ndefu, mama ataondoka nacho. Ziara ianzie kwangu saa tatu kamili kama ilivyopangwa. Nitakuwa mbele ya mahindi, nimeinamisha kichwa kidogo. Mfereji nimeuongeza kina.