Hatua Elfu Kumi na Moja za Mama

Jumapili, 5 Machi
Tangu jana nasikia sauti moja tu: pumzi ya mama. Tulikuwa tunatoka kwa daktari. Kufika orofa ya tatu akashika ukuta, kifua kikapiga mluzi kama birika lililosahauliwa jikoni. Tunakaa orofa ya tano. Lifti ilikufa kabla sijazaliwa.

Ni miaka miwili tangu atolewe ovari. Homoni zimekwenda, na kinga ya moyo imekwenda nazo. Presha iko juu. Daktari anataka atembee nusu saa kila siku, arudi baada ya siku kumi. Nani anayajua haya kuliko mimi? Kwenye maabara ya chuo nina panya majike thelathini, wote wametolewa ovari. Wanaokimbia, mioyo yao inaimarika. Wanaolala, inachoka.

Mama analala. Nitamkimbiza.

Jumatatu, 6 Machi
Adui nimemjua. Kapu! Mama hulishusha kwa kamba kutoka roshani, humpigia kelele Mzee Shenuda wa dukani, nalo hupanda na mikate, maharage, hata umbea. Ashuke ngazi kutafuta nini? Nimelificha uvunguni kwangu. Kesho atashuka.

Jumanne, 7 Machi
Hakushuka. Hata kulitafuta hakulitafuta. "Nihal, roho ya mama, kapu limepotea. Shuka wewe." Nimeshuka mara nne: mikate, ndimu, kubadilisha mikate, kumwambia Shenuda kwamba ndimu zake ni mawe. Bi Fawkiya wa orofa ya nne alikuwa mlangoni kila nilipopita. Aliuliza kama Shenuda ameniajiri.

Magoti yanawaka moto. Kapu nimelirudisha.

Alhamisi, 9 Machi
Sasa sayansi. Nimemvisha mama saa ya kuhesabu hatua. Lengo: elfu kumi. Aliigeuzageuza, akasema ni nzuri sana, Mungu anizidishie akili.

Jioni: elfu kumi na moja! Nimelia bafuni kwa furaha. Nimeanza kuchora grafu.

Jumanne, 14 Machi
Daktari aliitazama grafu yangu kwa heshima. Kisha akampima mama. Presha imepanda zaidi! Alimtazama mama. Mama alitazama dari.

Bi Fawkiya ndiye aliyenifumbua macho. Alisema mambo ya udaktari hayajui, ila ile saa hupita dirishani kwake kutwa nzima, imefungwa kwenye mpini wa kapu, ikitikiswa juu chini, juu chini. Hajapata kuona kapu lenye afya kama lile.

Nilimkabili mama. Wala hakuona haya. Alisema joto humvamia ngazini bila taarifa, moyo unakwenda mbio, jasho linamwagika, naye yuko peke yake kati ya orofa mbili, hajui kama ni joto tu au ndiyo anakufa.

"Mimi si panya wako, mwanangu. Tembea nami, tutafika hadi Aswan, mwisho wa nchi."

Jumamosi, 18 Machi
Siku ya nne tunatembea kando ya bahari, dakika arobaini. Kila orofa tunapumzika. Joto likimjia nampepea kwa daftari la utafiti. Leo alinisimulia alivyomtoroka mchumba wake wa kwanza kwa mbio, viatu mkononi. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Mimi ndiye ninayehema zaidi. Tumepita duka la dawa akapimwa: presha imeshuka!

Jumapili, 19 Machi
Nimefikiri sana. Kilichomsaidia ni nini? Mwendo. Basi. Panya wangu hakuna anayewapepea, na wanaendelea vizuri. Tena tasnifu inanisubiri, na dakika arobaini kila siku ni nyingi mno.

Kwa hiyo nimenunua mashine ya kukimbilia. Imeshafika. Ngazini haikupita, wapagazi wakaivuta kwa kamba hadi roshani, Bi Fawkiya akipiga vigelegele ilipopita dirishani kwake. Nimeiweka mbele ya televisheni, nimeiwasha, nimemwita mama. Ameizunguka polepole, akaniuliza mimi nitakuwa nasimama upande gani.

Nimemjibu kwamba ni ya mtu mmoja.