Gari la Lita Ishirini na Moja

Jumatatu, 11 Machi 2019
Guyo anaota meno. Halali, mimi silali, baba yake Waqo analala kama gunia. Leo gereji ya Waqo, hapa nyuma ya jikoni, imeingia gari la mashindano la mwaka 1911. Halina paa wala milango. Boneti ni ndefu kuliko kitanda changu. Mwenyewe ni mzee Mbugua wa Nyeri. Amelifufua kwa miaka mingi, sasa analipeleka Moyale kulijaribu. Rejeta inavuja. Nikauliza injini ni lita ngapi. Ishirini na moja. Mtungi wetu wa maji ni ishirini. Nikaenda kuutazama mtungi, nikarudi kutazama gari.

Jioni likawashwa. Ardhi ikatetemeka, sufuria zikashuka zenyewe, paipu zikatema moto. Mbuzi wa jirani wakatoroka kuelekea kijiji cha Ngaremara. Na Guyo, mgongoni, akafumba macho. Akalala! Nikalala pia, nimeegemea ukuta. Subhanallah.

Jumanne, 12 Machi
Waqo amemaliza rejeta asubuhi. Kiherehere. Nikamwambia mzee kwamba kwetu Waborana mgeni haondoki kabla ya kutafuna buna, kahawa iliyokaangwa kwa samli. Ni kweli. Si kweli kwamba inakaangwa kutwa nzima, kama nilivyomwambia. Mzee alikaa, akaliwasha gari kila nilipoomba. Guyo alilala kama mtoto wa watu wengine.

Rita wa chapati, jirani mwenye mapacha wasiolala, akauliza kama gari ni la mama yangu. Nikasema ni la mgeni wangu. Akampelekea mgeni wangu chapati. Saa kumi gari linanguruma mlangoni kwake.

Jumatano, 13 Machi
Gari limerudi gerejini. Mzee anataka kuondoka kesho. Nimeamua kulibariki. Kitu kikinyunyiziwa maziwa kinakuwa cha boma, hakitangatangi. Nyanya yangu alinyunyiza matone. Kwa injini ile niliona matone ni matusi. Nikamimina kibuyu kizima cha maziwa ya ngamia juu ya zile vali zinazorukaruka nje kama ndama. Injini ilikuwa moto. Harufu imefika msikitini.

Mzee aliinamia injini, akanusa. Kisha: "Mama Guyo, hiyo ni chai?" Nikasema ni baraka. Akasema sawa, baraka itabidi itolewe nati moja moja. Kesho haendi popote. Nimeshinda!

Alhamisi, 14 Machi
Injini iko juu ya turubai, vipande vipande. Kimya. Guyo analia. Mapacha wanalia. Rita amesimama kwa ua akinitazama tu. Afadhali angetukana. Nimejaribu kunguruma mwenyewe. Guyo amecheka.

Mzee amenipa pistoni moja nipanguse. Ni kubwa kama sufuria ya ugali. Niliipakata kama mtoto mchanga, na kwa muda huo sikukumbuka kuchoka.

Jumamosi, 16 Machi
Injini imefungwa upya, gari limewashwa. Rita alinishika mkono bila kujua. Akasema hii si gari, hii ni mvua inakuja. Guyo hakulala. Alikodoa macho, mdomo wazi. Nami vilevile. Likaondoka, likawa doa barabarani, na bado tulilisikia kifuani.

Kisha Guyo akaanza kulia.

Jumapili, 17 Machi
Kaunti imeleta greda ya kusawazisha barabara, imeegeshwa karibu na soko. Lotukoi, dereva, aliiwasha tukipita. Guyo akasinzia. Lotukoi anasema kesho anaipeleka Oldonyiro. Nimemuuliza ataondokaje bila kutafuna buna.

Kibuyu cha maziwa nimeshakifukiza. Kile kikubwa.