Malalamiko Dhidi ya Mchicha Pori Uliokataa Kufa

Kwa Bwana Shamba wa kata yetu,

Shikamoo. Pokea salamu za mkulima wako wa bondeni, yule mnayemwita Bomba kwa sababu bomba la dawa halimtoki mgongoni. Huku sote wazima, isipokuwa mahindi. Nakuandikia kwa heshima zote kuushtaki mchicha pori ulioota shambani kwangu, kama ifuatavyo:

1. Mchicha huu hauna adabu. Misimu ya mwanzo nilipoupulizia dawa ulinyauka kistaarabu, nami nikatembea kifua mbele. Dawa ni ile ile, duka ni lile lile, mkono ni huu huu; sijabadilisha hata kofia. Siku hizi ukipigwa dawa unajikunja kidogo, kama mtu aliyepewa habari mbaya, na wiki haijaisha umesimama tena, mnene kuliko mwanzo. Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. Huu dawa hausikii, na kufa haufi.

2. Dawa ya moto ni moto, kwa hiyo nilizidisha kipimo. Yakakauka mahindi. Mke wangu alikuja na chai, akatazama huku na huku, akaniuliza, "Mume wangu, umepalilia mahindi ukaacha magugu?" Chai niliinywa imepoa.

3. Dada yangu, tuliyegawana naye shamba la marehemu baba, anapendelewa. Msimu huu hupanda mahindi, ujao kunde. Kati ya mistari hutandaza nyasi kavu, dawa hubadilisha aina, na gugu lililobaki hulipiga jembe au huling'oa kwa mkono kabla halijatoa mbegu. Kwake kweupe! Je, ni haki mchicha umwogope mwenye jembe, unidharau mimi mwenye bomba? Nilipomlalamikia alicheka akashika kiuno. "Kaka, magugu hayo umeyalea mwenyewe. Kila msimu unaua yaliyo manyonge, yaliyo sugu unayaachia shamba yazaliane. Ungetaka mbegu bora ya magugu, ungefanya nini zaidi?"

4. Juzi hakucheka. Aliukuta mchicha wangu umeota upande wake wa mpaka, akaja nao mkononi, mizizi inadondosha udongo. "Kaka, wanangu wanakula hapa," akasema, akaondoka. Tangu hapo hanisalimu. Naushtaki mchicha pia kwa kosa la kututenganisha, maana tumbo lililotuzaa ni moja.

5. Hata hivyo, maneno yake kuhusu mbegu bora yamenifungua macho. Kumbe mimi ni mtafiti! Naomba basi mchicha huu usajiliwe kuwa zao rasmi, na mahindi yatangazwe kuwa magugu, kwani ndiyo yanayokufa kwa dawa. Naomba pia dada aamriwe kuweka jembe chini, asiendelee kuhujumu utafiti. Na kama ofisi yako ina nishani, kifua ninacho.

Nisalimie mama watoto, karani wako, na yule mlinzi wa getini anayeniambia kila nikija kwamba umetoka sasa hivi.

Ni mimi, mkulima mtiifu niliyeshindwa na mboga,
Bomba

N.B. Kabla sijaifunga bahasha, dada ameingia shambani kwangu bila hodi, na wanawe na magunia, akaanza kung'oa mchicha bila kunitazama. Nilisimama kama mti. Mwisho nikainama kwenye mstari wa pembeni yake. Unang'oka kwa shida, Bwana Shamba, lakini unang'oka. Jua lilipozama tulikuwa tumemaliza upande wa mpakani, na dada alikuwa ameniita kaka. Kwa hiyo futa namba zote hapo juu, kuanzia ya kwanza; mchicha hauna kosa. Msimu ujao napanda kunde. Kesho tunaendelea kabla haujakomaza mbegu. Magunia yapo, glavu uje nazo mwenyewe.