Bawabu Asiyelala

Jumatatu, 4 Machi

Mhariri kanipigia simu. Nilidhani anataka kumsifu Mwana Mfalme, shujaa wangu, aliyepigana na zimwi la vichwa saba kwa sura mbili nzima. Wapi! Anamtaka Bawabu. Mzee wa kufungua lango la kasri, ambaye katika vitabu viwili nimempa neno moja tu la kusema: "Pita." Wasomaji, anasema, wanamuulizia yeye. Kwa nini halali usiku wala mchana? Alitokea wapi? Nikamwambia halali kwa sababu nilihitaji mtu wa kufungua lango saa zote. Hakucheka. Anataka sura nzima ya maisha ya Bawabu kabla ya wiki kwisha, la sivyo kitabu cha tatu hakichapwi.

Mke wangu akanikumbusha makubaliano yetu. Kitabu cha tatu kikikwama, naanza kazi kwenye duka la rangi la baba yake. Mimi, mtu wa majoka na mapanga, nikoroge rangi ya dari.

Jumanne, 5 Machi

Siku nzima mezani. Nimempa Bawabu kovu usoni, nikakumbuka kitabu cha kwanza kinasema uso wake laini kama sabuni. Nimemfanya yatima. Kumbe kwenye kitabu cha pili mama yake anamtumia soksi. Nani aliandika upuuzi huu? Mimi.

Na utawaza vipi na shemeji sebuleni? Huyu ni kaka wa mke wangu. Alikuja kukaa wiki moja, mwaka juzi. Analala kwenye kochi langu la kuandikia, anapiga mluzi mchana kutwa, anafutia miguu taulo langu la uso. Leo kaniuliza kama Bawabu ana likizo. Nikamjibu nipo kazini. Akasema basi atapiga mluzi polepole.

Alhamisi, 7 Machi

Nimepata dawa. Wasomaji wanampenda Bawabu kwa sababu hawamjui. Nitawajulisha! Nitampa tabia zote za shemeji, na juu yake kosa la kuudhi, wamchoke. Halafu Mwana Mfalme atarudi kwenye nafasi yake.

Kosa lenyewe ninalo, tena la kweli. Siku ya harusi yetu shemeji alikabidhiwa ufunguo wa gari la bibi harusi. Akalala nao mfukoni. Bibi harusi akasubiri juani mpaka maua yakamnyaukia mkononi, wageni wakala, wakaanza kuaga. Ukoo mzima unaijua habari hiyo. Tangu siku ile baba mkwe hajampa mwanawe hata ufunguo wa kabati, sembuse wa duka. Ndiyo maana kochi langu lina mpangaji.

Nimeandika bila kuinua kichwa. Bawabu kijana. Ufunguo wa lango. Harusi ya binti mfalme. Usingizi. Mluzi, taulo, vyote nimetia. Shemeji alipita nyuma yangu akauliza mbona nacheka peke yangu. Nikamwambia ni sura ya huzuni.

Ijumaa, 8 Machi

Nimechoka na watu. Mhariri kaisoma sura, amelia. Ofisi nzima imelia, mpaka fundi aliyekuja kutengeneza feni. Kwa hiyo ndiyo sababu halali, anasema, maskini anajiadhibu. Mluzi ni wa kufukuza usingizi. Sikuwaza hivyo hata kidogo. Taulo hawakulielewa, lakini wanataka libaki.

Kitabu cha tatu kitachapwa. Kitaitwa *Bawabu*. Niliuliza kuhusu Mwana Mfalme. Akasema abaki, maana lazima awepo mtu wa kufunguliwa lango.

Jumamosi, 9 Machi

Balaa. Niliacha nakala mezani, shemeji akaisoma yote. Nikasubiri ngumi. Akapanga karatasi vizuri, akasema nimeandika vizuri sana. Aliuliza tu nani kaniambia inavyouma kuitwa mzembe kila mkikutana kwenye sherehe. Kisha akaenda kuosha vikombe. Hajawahi kuosha vikombe.

Akasoma mke wangu. Akamwambia kaka yake sasa imetosha, aseme, au atasema yeye. Shemeji akamsihi yaishe. Mke wangu hakusikia. Anadai siku ile mimi, bwana harusi, niliuomba ufunguo nikapambe gari maua. Nikajifungia kiti cha nyuma, nikakoroma. Kaka yake ndiye aliyegonga kioo mpaka nikaamka. Na kwa kuwa baba yao alishasema hataki mkwe wa kuota mchana, akaenda mbele ya watu wote akasema aliyelala ni yeye. Ili dada yake aolewe. Kosa hilo amelibeba mpaka leo.

Sikulala siku ile. Nilifumba macho kutafuta sentensi ya kwanza ya kitabu cha kwanza, na niliipata. Hilo hakuna anayelikumbuka. Kugongewa kioo nakumbuka, lakini nilidhani anakuja kunipa pongezi. Siku ya harusi mtu ana mambo mengi.

Jumapili, 10 Machi

Mke wangu amekwenda kwa baba yake asubuhi na kumwambia yote. Baba mkwe akaja mwenyewe. Hakunisalimia. Alifungua mshipi, akatoa funguo zote za duka, akamwekea mwanawe mkononi na kumwomba radhi. Shemeji alitaka kupiga mluzi, haukutoka. Nakiri nilikohoa kidogo. Nadhani ni vumbi la kochi.

Mlangoni baba mkwe akanigeukia, akaniuliza kama niko macho.

Mke wangu ana makubaliano mapya. Kitabu kichapwe kisichapwe, kila asubuhi niko dukani, chini ya kaka yake, mpaka atakapoacha kunikasirikia. Hakusema ni lini.

Jumatatu, 11 Machi

Nimefika duka bado limefungwa. Shemeji akatokea na funguo kiunoni, akafungua lango, akanitazama juu mpaka chini. Akasema neno moja tu. Pita.

Amekwenda kupeleka rangi kwa mteja. Kaniachia ufunguo wa mlango, nifunge kwa ndani mpaka mafundi waje kuchukua makopo yao, kisha niwafungulie. Kazi ya mtoto. Mtu wa kipaji changu!

Lakini nimepata wazo. Kitabu cha nne kitakuwa na mpishi wa kasri, mwanamke mkali, anayekumbuka mambo ya zamani vibaya. Wasomaji watamchoka mara moja. Mke wangu hatajitambua. Nimekaa nyuma ya makopo, pametulia, nimefumba macho kidogo kutafuta sentensi ya kwanza.

Nimeipata. Jua limeshapanda sana. Kuna watu huko nje wanagonga mlango kama wanataka kuuvunja. Mwenye ufunguo si awafungulie?