Gunia la Saba Saba, Sabini na Saba

Augustin alikuwa na shida moja tu, nayo ilikuwa baba yake Bibiane. Mzee Mumbere, mtu wa magendo wa Kisugu, alikuwa ametamka bila haya kwamba mahari ya binti yake ni gunia la sukari, lifike kabla ya Jumapili, la sivyo Bibiane ataolewa na dereva wa lori. Gunia zima! Mwaka ule mjini Kampala hata kijiko cha sukari kilitajwa kwa kunong'ona. Na Augustin, maskini ya Mungu, alimpenda Bibiane hadi usingizi ukamkimbia.

Ndipo alipoiona kalenda katika baa moja ya Kansanga. Alhamisi, 7/7/77. Akaisoma kwenda, akaisoma kurudi. Akatabasamu.

Alhamisi asubuhi alikuwa Nsambya, mlangoni kwa Joska, mke wa Sajini Otema, amejifanya nabii. Sisimizi wa mtaa mzima walikuwa wamehamia uvunguni mwa kitanda cha Joska, na Augustin si mtu wa kudharau ushahidi wa sisimizi.

"Mama, tarehe ya leo inasomeka sawasawa mbele na nyuma. Kinachotoka mlango wa mbele, kabla ya jua kuzama kinaingia mlango wa nyuma. Tena kinarudi viwili!"

"Hata sukari?"

"Sukari ndiyo inapenda kurudi kuliko vyote."

Joska alicheka, akakataa, akafikiria magunia mawili, akakubali. Alishona kiraka chekundu pale panya walipotoboa, na nabii akajitwisha gunia, akatoka.

Saa sita lilikuwa Kisugu. Bibiane alipiga vigelegele. Mzee Mumbere alilipapasa gunia, akamwita Augustin mwanangu, na mwanangu nusura alie kwa furaha.

"Sasa jitwishe tena, mwanangu. Kuna mteja."

"Si ya chai ya harusi, baba?"

"Chai! Wageni watakunywa uji."

Kwao mchumba akitumwa na baba mkwe haulizi wapi. Gunia lilimwinamisha shingo, akawa anaona visigino vya mzee tu: reli, mtaro, kichochoro, halafu mlango. Mlango wa nyuma.

"Hodi, nyabo!" mzee alimwita mama wa nyumba. "Nimeleta ile kitu."

"Uwii! Otema, kuja uone! Kiraka yangu! Sukari imerudi!"

Sajini Otema alitokea na fulana, akamtazama mbebaji. "Nabii, hii ni ile ya asubuhi?"

Akikana, kiraka kitamsuta. Akikiri kwamba alimlaghai mke wa sajini, basi tena.

"Ndiyo, afande. Unabii umetimia."

"Na pesa yangu?" akauliza Mumbere.

Joska alishangaa kwa moyo mweupe kabisa. "Mzee, mtu analipia kitu yake ikirudi?"

Mumbere alimtazama sajini, akavaa kofia yake. "Augustin, sukari imerudi kwao. Basi na binti yangu amerudi kwangu." Akaondoka.

Augustin aligeuka amfuate.

"Na gunia la pili?" Joska alikumbuka.

"La pili... linakuja siku nyingine ya namna hii, mama. Mwakani. Tarehe nane, mwezi wa saba, sabini na nane."

Otema aliisoma kwa vidole, kwenda na kurudi. "Kweli kabisa. Basi utaingojea hapa hapa. Shoka iko nje."

Alipasua kuni hadi jioni. Barabarani lori lilipita likipiga honi kwa shangwe, naye akajua ni la dereva yupi, akaumia. Joska alimhurumia, akamletea chai. Akaonja.

"Mama, haina sukari."

"Wacha ipumzike," Joska alisema. "Leo imetembea sana."